cp imenakili kwenye folda ya mwisho tu

Swali: Seva yetu ya Ubuntu ina folda moja kwa kila tawi: Arusha, Dar es Salaam, Mwanza na Tanga. Nataka faili la bei.csv liingie kwenye zote. Nimeandika amri ya kunakili, `cp bei.csv */`, ikaja mistari ya "-r not specified; omitting directory", na faili limeingia Tanga pekee. Je, niongeze -r?

Jibu: Usiongeze. Ukiweka -r, folda za Arusha, Dar es Salaam na Mwanza zitanakiliwa pamoja na vyote vilivyomo, zikatumbukia ndani ya Tanga. cp hupokea vyanzo hata mia, lakini mahali pa kupeleka ni pamoja tu, nako ni kule kunakotajwa mwisho. Bash, programu inayopokea amri unazoandika, huigeuza `*/` kuwa majina ya folda zote kabla cp haijaanza kazi, kwa hiyo folda tatu za kwanza zilihesabiwa kuwa vitu vya kunakili.

Dawa ni kuiita cp mara moja kwa kila folda:

`for d in */; do cp -v -- bei.csv "$d"; done`

Alama za kunukuu kwenye "$d" usiziache. Bila hizo, Dar es Salaam hukatwa vipande vitatu na cp italalamika kwamba Salaam/ haipo. Hapo ndipo inapoharibikia ile amri inayopendwa sana, `echo */ | xargs -n 1 cp bei.csv` (xargs huchukua majina inayopewa na kuyapitisha kwa cp): mbali na kosa hilo, itakuachia mafaili mawili mapya yanayoitwa Dar na es, yote nakala za bei.csv. Ukitaka xargs, andika `printf '%s\0' */ | xargs -0 -n 1 cp -v bei.csv`.

Kumbuka cp hufuta bei.csv ya zamani bila kuuliza. Weka -i ikuulize kwanza, au -b ihifadhi ya zamani kwa jina bei.csv~. Mimi ningeweka -b, maana -i kwenye folda hamsini inachosha na mtu huishia kubonyeza y bila kusoma. Ukipata "Permission denied", sudo (ya kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi) ikae ndani, kabla ya cp. `sudo for` haifanyi kazi.

Kama ni baadhi ya matawi tu, yaandike kwenye orodha.txt, moja kwa mstari:

`while IFS= read -r d; do cp -v -- bei.csv "$d/"; done < orodha.txt`

Mkwaju (/) baada ya $d una kazi. Jina likikosewa, cp itatoa kosa. Bila mkwaju ingetengeneza faili lenye jina hilo, ukadhani mambo yamekwenda sawa. Orodha ikiwa imeandikwa kwenye Windows, ipitishe kwanza kwenye `sed -i 's/\r$//' orodha.txt`, la sivyo hata majina sahihi yatakataliwa.

Kwa folda zilizo ndani ya folda:

`find . -mindepth 1 -type d -not -path '*/.*' -exec cp -v bei.csv {} \;`

Sehemu ya -not huruka folda zilizofichwa kama .git, ambazo `*/` haizigusi lakini find huziingia. Mwisho uwe `\;`. Ukiweka `+`, find hukusanya folda nyingi kwenye cp moja, na utarudi kwenye kosa lilelile la Tanga.