Masta Bonn: wikendi usijifungie chumbani

Dogo, umeuliza ukija Bonn kusoma masta utapata nafasi ya kutembea au hela yote itaishia kwenye kodi. Utatembea! Vyuo vingi Ujerumani ada ya muhula inakuja na tiketi ya usafiri, we panda treni za mikoani, zile za RE na RB tu, ICE (treni ya mwendo kasi) haimo. Jumamosi maliza shopingi maana Jumapili maduka yanafungwa, pika wali uweke kwenye hotpoti, kesho yake panda tram hadi mji wa Königswinter ukapande kilima cha Drachenfels, mita 321 tu, juu pale unauona mto Rhine na meli za mizigo zinapita taratibu, mi nilikaa saa nzima nakula wali wangu huku naongea na mama kwa video, nikajisikia mzima kabisa. Ila Novemba saa kumi na moja jioni giza tayari, toka mapema.