Jibu: Roboti na kompyuta mbili tu?
Mwalimu mwenzangu, umeuliza uanzeje kuwafundisha walimu 12 mambo ya roboti na kuandika programu wakati shule ina kompyuta mbili tu. Usianze na kompyuta. Mwalimu mmoja awe roboti, mwingine amwelekeze kupika chai, hatua kwa hatua. Akisema "tia majani" kabla ya "fungua kopo", roboti asimame tu. Watacheka, lakini hapo ndipo algoriti, yaani mpangilio wa hatua za kufanya kazi fulani, inapoeleweka. Siku ya pili leta Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya maagizo kwenye skrini. Ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Micro:bit, kibao kidogo cha kompyuta chenye taa 25 na vitufe viwili, ije mwisho. Na usiwanyang'anye kipanya! Mtu akikosea, mwache asake kosa mwenyewe, hata nusu saa. Mimi hilo lilinishinda mara ya kwanza.