Mdogo wako na kazi ya tiba kwenye timu ya mpira: jibu refu kidogo

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Mdogo wako wa kike aliyemaliza kidato cha sita PCB (fizikia, kemia na biolojia) asome nini ili aje kuwa mtu wa tiba kwenye timu ya mpira, na je, ni kazi ya maana au ni kukimbia na begi na kupuliza dawa tu? Mdau mmoja hapo juu kakujibu kwa kejeli kwamba hata mtunza vifaa anaweza kupuliza. Kwenye kupuliza yuko sahihi kabisa. Mimi ni fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), nimekaa na timu za Championship, ligi ya pili kwa ukubwa hapa Tanzania, na timu moja ya wanawake, kwa hiyo nivumilieni niandike.

Ile ya kupuliza ni kemikali inayovukia haraka juu ya ngozi, ngozi inapoa, mchezaji anapata ganzi ya muda mfupi. Haitibu chochote. Ukiisogeza karibu mno au ukiishikilia sana unamuunguza. Kwenye TV mnaona mkono unaopuliza, ila kazi inafanywa na mkono wa pili.

Chukua enka (kifundo cha mguu), maana ndiyo inayokuja kila wiki. Huingii uwanjani mpaka mwamuzi akuite, hata mchezaji wako alie vipi. Ukifika unaangalia uso kwanza, ndipo mguu. Vidole vinapita kwenye ukingo wa nyuma wa mfupa wa nje wa enka, zile sentimita sita za mwisho mpaka nchani. Unarudia upande wa ndani. Unashuka kwenye kile kifupa kinachojitokeza ubavuni mwa unyayo, usawa wa kidole kidogo. Unabonyeza mfupa, si nyama, kwa sababu nyama iliyoteguka itauma tu popote utakapoigusa. Ukibonyeza mfupa akaruka, au ukimsimamisha akashindwa kupiga hatua nne, huyo ni wa eksirei na mechi yake imeisha. Utaratibu huu ulitengenezwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili hospitali ziache kupiga picha kila enka iliyovimba. Kwetu sisi tusio na mashine pembeni ya uwanja umekuwa msaada mkubwa.

Hayo yote unayafanya huku kocha anapiga kelele, na mara nyingi ukishamhudumia mchezaji lazima atoke nje kwanza, timu inacheza pungufu (kipa ana upendeleo wake kwenye sheria). Ndiyo maana kocha wako hakupendi siku hiyo.

Kufunga plasta nako ni ufundi, na hapo ndipo nampima kijana anayekuja kujitolea. Mchezaji anakaa juu ya meza, mguu unaning'inia, unyayo umesimama nyuzi 90 na mundi. Ukimfunga unyayo ukiwa umelegea kuelekea chini, umepoteza plasta. Unaanza na kanda za kushikilia juu ya enka, halafu kanda zinazoshuka kutoka ndani, zinapita chini ya kisigino na kupanda kwa nje. Ni kwa mwelekeo huo kwa sababu enka nyingi zinajipinda unyayo ukiingia ndani. Kisha unakifungia kisigino kwa mizunguko yenye umbo la namba nane. Kila kanda inafunika nusu ya mwenzake, na mkunjo mmoja tu utamtoa lengelenge kabla ya mapumziko. Ukimaliza unabonyeza ukucha wa kidole gumba halafu unaachia: rangi inatakiwa irudi papo hapo. Isiporudi, chukua mkasi, anza upya. Mchezaji atakuambia "dokta kaza zaidi". Usimsikilize. Na kwa kuwa plasta nzuri ni ghali na viongozi wetu wanaiona kama anasa, unawafunga wale tu waliowahi kuumia enka.

Lakini ukiniuliza kazi yenyewe iko wapi, nitakuambia iko kwenye kusema "huyu hachezi" na kubaki hapo hapo.

Nyama za paja ndizo zinazovunja urafiki. Mchezaji anashika paja la nyuma, wiki ya pili maumivu yameisha, anakimbia taratibu bila shida, kocha anamtaka Jumamosi. Maumivu kuisha si kupona. Mimi nataka nimlaze kifudifudi, akunje goti huku nikimzuia kwa mkono, nisikie nguvu ya mguu ule inalingana na mwenzake. Nataka kunyoosha kusiwe na hofu usoni. Halafu nataka nimwone akitimua mbio kwa spidi yake yote mazoezini, si mara moja, na akisimama ghafla asiguse paja. Angalia mkono. Mtu akipeleka mkono nyuma ya paja bila kujijua, hajapona, hata aape kwa jina la mama yake.

Na atakuapia. Mchezaji wa ligi zetu anajua akikaa nje wiki mbili namba imechukuliwa na mkataba unaisha. Kwa hiyo anadanganya, na simlaumu. Unachoweza kufanya ni kuwa mtu ambaye akimwambia ukweli, habari haifiki kwa katibu kabla ya jioni. Hii hawafundishi chuoni, na nimeona mafizio wenye vyeti vizuri wakishindwa kazi kwa kuwa tu walikuwa na midomo.

Presha nyingine inatoka juu. Klabu moja niliyofanya nayo kazi (jina naliacha) kiongozi alikuja vyumbani kabla ya mechi ngumu akataka mshambuliaji achomwe diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, aingie. Nilikataa, sindano ikatafutwa kwingine, kijana akacheza kipindi kimoja na goti likajaa maji. Diklofenaki haiko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, tatizo lake ni kwamba inazima kengele huku nyumba inaungua. Zilizokatazwa nazo mtu wa tiba lazima azijue. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ilikatazwa siku za mashindano kuanzia 1 Januari 2024, na sindano za dawa za jamii ya kotisoni tangu 2022. Hata dawa ya mafua ya dukani yenye pseudoefedrini inaweza kumponza mchezaji siku ya mechi. Orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, inatoka upya kila tarehe 1 Januari, na mchezaji akipimwa akakutwa, kusema "dokta ndiye alinipa" hakumwokoi. Jirani zetu Kenya wanaijua hadithi hii vizuri kupitia wanariadha wao.

Sasa siku ya mechi. Marekani kazi hii ni taaluma kamili, ina chama chake tangu 1950, siku hizi anayeingia anatakiwa awe na shahada ya uzamili na afaulu mtihani wa bodi, na unawakuta mpaka shule za sekondari. Kwenye NFL, ligi yao ya mpira wa Kimarekani, kabla ya kila mechi watu wa tiba wa pande zote mbili, wahudumu wa ambulansi na mwamuzi wanakutana kupanga nani afanye nini mtu akianguka. Damar Hamlin, mchezaji wa ligi hiyo, aliposimama moyo uwanjani Cincinnati, 2 Januari 2023, mtu wa tiba wa timu yake, Denny Kellington, alianza kumkandamiza kifua pale pale, na leo Hamlin yuko hai. Christian Eriksen wa Denmark vilevile, moyo ulisimama Copenhagen, Juni 2021, akaokolewa. Wenye umri wangu tunamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka uwanjani Lyon, 2003, hakupata bahati hiyo.

Mkutano kama ule kwetu haupo, basi mimi naufanya mwenyewe kwa miguu. Nafika mapema, namtafuta dereva wa gari la wagonjwa, namuuliza ataegesha wapi. Zaidi ya mara moja nimekuta basi la timu pinzani limeziba geti ambalo gari hilo lingetokea, na dereva wake yuko kwa mama ntilie. Naomba nifunguliwe mtungi wa oksijeni niusikie ukipumua, kwa sababu mtungi uliopakwa rangi vizuri si lazima uwe na kitu ndani. Namuuliza kamisaa wa mechi kama kuna mashine ya kushtua moyo. Jibu la kawaida mnalijua.

Hapa naomba wadau wote msome hata kama hamna mpango na kazi hii. Mchezaji akianguka mwenyewe bila kuguswa na ukimwita haitiki, chukulia moyo umesimama. Mwili unaweza kurukaruka kidogo kama wa kifafa na anaweza kuvuta pumzi moja moja za kukoroma, visikudanganye. Mpira wa mchangani nimeona watu wanane wamemzunguka mtu, mmoja anampepea na jezi, mwingine anatanua meno kwa kijiko eti asimeze ulimi. Ulimi haumezwi. Mlaze chali, weka kiganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu kifua kishuke sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na anayekuja na mashine ya kushtua aipitishe bila kuulizwa maswali.

Kichwa nacho. Wamegongana juu, mmoja kainuka anatembea kama kalewa. Namuuliza tuko uwanja gani, nani kafunga goli la mwisho, wiki jana tulicheza na nani. Akibabaika anatoka na harudi siku hiyo. Tangu Julai 2024 sheria za mpira zinaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa ajili ya mtikisiko wa ubongo, lakini lazima waandaaji wawe wameamua kulitumia.

Joto la mechi za saa nane mchana nitalipitia haraka. Mtu akianza kuongea pumba na mwili unawaka, poza kwanza, safirisha baadaye. Barafu mimi nanunua kwa wauza samaki asubuhi, ni rahisi kuliko ya dukani na wanakupondea.

Kuhusu shule. Hapa kwetu hakuna kozi yenye jina la kazi hii. Njia iliyonyooka ni fiziotherapia. KCMC, hospitali yenye chuo pale Moshi, wana historia ndefu nayo, na PCB ndio mchepuo wanaoutaka. Wengine wanaingia kupitia utabibu au uuguzi kisha wanajiendeleza. FIFA wana diploma ya tiba ya soka ya mtandaoni ambayo ni bure, aianze hata kabla ya chuo, asome taratibu na kamusi pembeni. Kabla ya hapo achukue mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikija mkoani kwenu ajitolee. Pale utaona majeraha mengi kwa siku chache kuliko nusu msimu wa ligi.

Kuwa mwanamke ni faida, msimkatishe tamaa. Ligi ya wanawake inahitaji watu wa tiba ambao mchezaji anaweza kuwaambia mambo yake bila aibu, na ile kano ya ndani ya goti inayoitwa ACL kwa wanawake inakatika zaidi kuliko kwa wanaume. Ajifunze ile programu ya FIFA ya kupasha misuli, mazoezi 15, kama dakika 20. Ikifanywa kwa uaminifu inapunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Makocha watamwambia inawala muda. Abishane nao.

Pesa? Timu kubwa mbili tatu zinalipa vizuri na nafasi zake zimejaa, nyingi zinachukua wageni wanaokuja na kocha. Huku chini mshahara unachelewa na posho inategemea matokeo, ambalo ni jambo la ajabu kwa mtu ambaye kazi yake siku nyingine ni kumzuia mfungaji bora asicheze. Mimi asubuhi natembelea wazee waliopata kiharusi majumbani kwao, jioni nakwenda mazoezini. Wazee ndio wanaolipa kodi ya nyumba.

Kama yuko Moshi au Arusha, mwambie aje PM (ujumbe wa faragha). Kuna timu ya wanawake ninayoifahamu inatafuta msaidizi wa kujitolea siku za Jumamosi. Nauli na maji watampa, mshahara asitegemee msimu huu.