Maswali ya Wasomaji: Maamuzi Yenye Utata katika Pikipiki za Motokrosi

Swali: Ndugu Mhandisi, wapenzi wa pikipiki za zamani huitaja Suzuki TM400 kila wanapotafuta mfano wa pikipiki mbaya ya motokrosi, yaani mbio za njia za udongo zenye vilima na miruko. Je, kosa lake lilikuwa kuwa na nguvu kupita kiasi?

Jibu: Hapana, kosa lilikuwa katika namna nguvu hizo zilivyofika kwenye gurudumu la nyuma. Pikipiki hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1971, ilikuwa na injini ya mipigo miwili yenye ujazo wa sentimita za ujazo 396. Mfumo wake wa kielektroniki wa cheche ulibadilisha wakati wa kuwaka kwa ghafla badala ya hatua kwa hatua, na flaiwili yake, gurudumu la ndani ya injini linalosawazisha mzunguko, ilikuwa nyepesi mno kuweza kutuliza mabadiliko hayo. Mwendeshaji aliyekuwa akitoka kwenye kona, pikipiki ikiwa bado imelala, aliongeza mafuta kidogo akaona injini imezubaa. Akiongeza tena kidogo tu, gurudumu la nyuma lilianza kuzunguka bure na kutaka kumpita ubavuni. Fremu iliyojipinda na shokapu dhaifu zilimalizia kazi.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba mwaka huohuo Mbelgiji Roger De Coster alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 500 akiwa juu ya Suzuki ya kiwanda, yaani iliyotengenezwa maalumu kwa timu ya mashindano, mashine tofauti kabisa na ile iliyopangwa madukani, ingawa jina kwenye tangi lilikuwa moja. Wanunuzi wengi walijitibu wenyewe kwa kuongeza uzito kwenye flaiwili na kubadilisha mfumo wa cheche. Tiba rahisi namna hiyo ilipaswa kufanyika kiwandani.

Swali: Nimesoma kwamba kampuni ya baiskeli ya Cannondale iliangushwa na pikipiki yenye injini iliyogeuzwa nyuma mbele. Ni nani aliyefikiri jambo kama hilo lingefaa?

Jibu: Mtu mwenye akili timamu, na nitamtetea. Katika pikipiki za kawaida za wakati huo, hewa iliingia injini kwa nyuma, kutoka kwenye boksi la chujio lililofichwa chini ya kiti, mahali ambapo gurudumu la nyuma hurusha matope na vumbi bila kupumzika. Cannondale, katika MX400 yake ya sentimita za ujazo 432, waligeuza kichwa cha silinda: hewa ikaingia kwa mbele, kutoka sehemu ya juu karibu na shingo ya usukani, na moshi ukatoka kwa nyuma. Walitumia pia mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta na wakaweka kiwashio cha umeme, mambo mawili ambayo leo yamekuwa ya kawaida.

Basi tatizo lilikuwa nini? Waliyafanya yote kwa mara moja, katika injini yao ya kwanza, na wakaipeleka sokoni kabla haijakomaa. Pikipiki ilikuwa nzito, ilipata joto kupita kiasi, ilisumbua kuwaka, na mara nyingine ilikwama kidogo mwendeshaji alipofungua mafuta kwa haraka. Kwa mtu anayekaribia kuruka, kukwama huko ni tofauti kati ya kutua ng'ambo na kutua katikati. Mnamo Januari 2003 kampuni iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, ingawa baiskeli zake ziliendelea chini ya mmiliki mpya.

Sasa tazama Yamaha YZ450F ya mwaka 2010. Hewa inaingia kwa mbele, moshi unatoka kwa nyuma, silinda imeinamishwa kuelekea nyuma, na tangi la mafuta limesogezwa chini ya kiti ili uzito ukusanyike katikati. Baadhi ya waendeshaji walilalamikia namna ilivyoshika kona, lakini Yamaha hawakurudi nyuma. Waliirekebisha mwaka baada ya mwaka, na mpangilio huo wangali nao. Wazo lilikuwa lilelile, ila mara hii lilikuwa na mtaji wa kulisubiri likomae.

Swali: Titaniamu ni imara na nyepesi. Kwa nini fremu za motokrosi hazitengenezwi kwa madini hayo?

Jibu: Kampuni ya pikipiki ya BSA ya Uingereza ilijaribu mwaka 1966 kwa ajili ya Jeff Smith, bingwa wa dunia wa miaka ya 1964 na 1965. Ni kweli kwamba titaniamu ina uzito wa takriban asilimia 60 tu ya chuma kwa ujazo uleule, lakini ukakamavu wake ni karibu nusu, kwa hiyo bomba la kipimo kilekile hupinda zaidi. Isitoshe, ikiwa na moto mkali hufyonza oksijeni na nitrojeni kutoka hewani na kuwa rahisi kuvunjika kama kigae, hivyo lazima ichomelewe ndani ya gesi ya agoni, ambayo haiathiri metali. Fremu ya chuma iliyopata ufa mazoezini ingechomelewa palepale nyuma ya gari, na asubuhi mtu akashindana. Ile ya titaniamu haikuwa na dawa uwanjani. Smith alipokonywa taji mwaka huo na Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki, aliyeendesha ČZ, pikipiki ya Chekoslovakia, yenye fremu ya chuma. Siku hizi kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, zinakataza titaniamu katika fremu, foki za mbele na usukani.