Picha za utoto wa Yesu za enzi za Baroko: mi naanza na mikono

Nikimtumia mtu hizi picha za kuchongwa kwenye shaba, za karne ya 17, enzi za Baroko (mtindo wa sanaa wa Ulaya wa wakati huo), ananijibu "katoto kazuri" basi imeisha. Ushauri wangu: angalia kwanza mtoto ameshika nini au anapewa nini, halafu soma Kilatini kilichoandikwa hapo, sura ziache mwisho maana wote wana upole uleule.

Chukua ile ya Jacques Callot, mchongaji wa Nancy, mji ulioko Ufaransa ya leo, aliyefariki 1635. Familia Takatifu wako mezani usiku, mshumaa unawaka, Yosefu anamnywesha mtoto kinywaji, yaani nyumba ya kawaida kabisa. Sasa soma maandishi yake, yanamwambia "kunywa, mtoto mpendwa, kuna kikombe kingine kinakungoja", na hapohapo yanataja mikono iliyonyooshwa na kifo. Kama umewahi kukaa kwenye ibada ya Ijumaa Kuu unajua tumeshafika Getsemani, bustani ambako Yesu alisali kabla ya kuuawa, "kikombe hiki kiniepuke", na anayemshikia mtoto kikombe ni baba yake mlezi. Mi hiyo picha inanitesa mpaka leo.

Vingine utavizoea haraka: tunda ni dhambi ya Adamu, mwanakondoo ni yale maneno ya Yohana Mbatizaji kumwita Yesu "Mwanakondoo wa Mungu", kandege kenye uso mwekundu ni ishara ya mateso, wanasema kalichomoa mwiba kwenye taji la Yesu damu ikakarukia. Ila usilazimishe jamani, Yosefu ni seremala, mbao lazima ziwepo, sio kila ubao ni msalaba.

Ninayoipenda zaidi imetangulia Baroko kidogo, ni ya mchongaji Anton Wierix wa Antwerp, Ubelgiji ya leo: Mtoto Yesu yuko ndani ya moyo wa mtu na fagio, anafagia nyoka na wadudu wachafu nje. Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, walizipenda sana picha za hivi, na ukiiona huhitaji padri akuelezee.

Halafu kumbuka picha ikichapwa kutoka kwenye shaba kwenda kwenye karatasi inageuka, kulia inakuwa kushoto. Ukiona mtoto anabariki kwa mkono wa kushoto usianze kutunga nadharia, inawezekana mchongaji alinakili mchoro ulivyo na karatasi ikautoa kinyume. Nyingi ziko bure kwenye tovuti ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, pakua ile kubwa sio ya kioo cha simu, maana Kilatini chenyewe kimeandikwa kidogo balaa.