Barua kwa mwanangu: kuhusu ile nafasi ya utafiti Marekani

Buruburu, Nairobi

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyokuambia kwenye simu. Unasema maabara ya upasuaji wa ubongo kule Boston imekukubali ukafanye utafiti miaka miwili bila mshahara, ndipo uombe nafasi ya kusomea ubingwa hukohuko. Unaniuliza: tuuze ploti ya Kitengela uende?

Ploti haiuzwi. Nalitanguliza hilo ili usisome yanayofuata moyo ukidunda. Kwenda sikukatazi. Ninachokataa ni kwenda kwa namna hiyo.

Nimekaa na yale maelezo uliyonitumia mpaka nikayaelewa. Tangu Januari 2022 matokeo ya Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari ya Marekani, ni kupita au kuanguka tu, hayana alama tena. Zamani mtoto wa Nairobi aliyepata alama za juu angeweza kuonekana kwa hizo alama. Leo wachaguzi wamebaki na Step 2, yaani mtihani unaofuata, barua za mapendekezo na orodha ya makala ulizochapisha, na kwa fani inayogombaniwa kama yako, ambayo mafunzo yake pekee ni miaka saba, kila mgeni anakimbilia utafiti. Kwa hiyo sikuoni mjinga kwa kuifikiria njia hii. Wengi wamepita hapo wakafika.

Lakini hebu tutazame unachokwenda kununua kwa miaka hiyo miwili. Si makala. Makala unaweza kuandika ukiwa hapo Machakos. Unakwenda kutafuta mtu mmoja mwenye sauti katika idara ile, atakayekufahamu kazi yako na tabia yako, na siku majina yanapopangwa aseme, "Huyu namjua." Mtu huyo asipokuwepo, jina kubwa la hospitali halitakusaidia kitu.

Unamkumbuka kijana wa rafiki yangu, yule tuliyekwenda kumsindikiza JKIA. Alikaa kwenye maabara kubwa yenye wageni zaidi ya kumi kama yeye, wote bila malipo. Mchana na usiku alikuwa akitoa taarifa kwenye faili za wagonjwa na kuziingiza kwenye kompyuta. Makala zilipotoka, jina lake lilikuwa la sita, mara la nane, na moja halikuwamo kabisa. Alipoomba barua ya mapendekezo aliambiwa aiandike mwenyewe, profesa atatia sahihi. Mwezi wa Machi, ile Jumatatu wanayoambiwa nani amepata na nani amekosa, alikuwa amekosa. Baadaye akapata nafasi ya mwaka mmoja ya upasuaji, ya zile zisizoendelea mpaka ubingwa. Mama yake alikuwa ameshakopa mara mbili. Simlaumu kijana, alifanya kazi kwa bidii. Hakuwa na mtu tu.

Halafu kuna mikono, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu ndiyo kazi yangu. Miaka 27 nimesimama upande wa pili wa meza ya upasuaji nikiwapa madaktari vyombo. Mkono uliokaa bila kazi naujua kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Anarudi kutoka likizo ndefu, anaomba koleo ya sindano, nampa, naye anaigeuza kiganjani mara mbili kabla ya kushona. Fundo alilokuwa akilifunga huku anaongea, sasa analitazama. Unarudi, ndiyo, mkono hurudi, ila kwa wiki kadhaa. Hiyo ni likizo ya miezi. Wewe umemaliza uanagenzi juzi, mikono yako ndiyo kwanza inaanza kujifunza, na ukiwa na visa ya utafiti hutaruhusiwa kutibu mgonjwa. Miaka miwili, Neema. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya visa hiyo imefungwa kwa mwenyeji wako: akikuchoka, huwezi kuamka tu ukahamia kwa jirani. Tena kwa kuwa hakulipi, ni lazima uonyeshe una pesa za kuishi. Ndiyo maana ploti ya marehemu baba yako imeingizwa kwenye mazungumzo haya. Mwenye maabara anapata daktari mzima wa kumfanyia kazi, na anayemlipa ni mjane wa Buruburu. Sikubali.

Waandikie basi, uwaulize kwa maandishi. Wageni watatu waliotangulia kwenye meza hiyo wako wapi leo? Uombe anwani zao, uongee nao bila profesa kuwepo. Utakuwa na swali lako mwenyewe la utafiti, ambalo jina lako litatangulia? Utaruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji kutazama, na kuhudhuria vikao vya asubuhi vya idara? Na mshahara, hata mdogo, upo? Zipo nafasi za utafiti zenye mshahara, hata kama ni chache na huchelewa kupatikana. Wakijibu vizuri, tiketi nitakata mimi.

Na hilo swali la utafiti usiliokote huko. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio lililofanywa Mbale, hapo tu Uganda, kwa watoto wachanga 100 waliojaa maji kichwani. Walilinganisha mrija wa kawaida wa kutoa maji kichwani na upasuaji wa kufungua njia ya maji ndani ya ubongo, alioukuza Dkt. Benjamin Warf alipokuwa akifanya kazi hukohuko Mbale. Baada ya mwaka, watoto wa pande zote mbili walikuwa wamekua karibu sawa, na hawa wa pili wengi hawakuhitaji mrija unaoweza kuziba wakiwa kijijini, mbali na daktari. Boston wanaijua Mbale kwa sababu ya kazi hiyo. Wewe umepokea vijana wa bodaboda wenye vichwa vilivyopasuka usiku baada ya usiku. Umewahi kuandika walifika baada ya saa ngapi, na nani alipona? Anza hapo. Ukienda na daftari lililojaa, hutakuwa mtu wa kuingiza taarifa za watu.

Usiidharau njia ya hapa pia. Najua ulivyoumia 2024, ulipokaa nyumbani ukisubiri kupangiwa uanagenzi na madaktari wakagoma siku 56. Ulisema nchi hii haikutaki, nami sikuwa na jibu. Lakini MMed, shahada ya uzamili ya udaktari ya Chuo Kikuu, ipo, na COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ipo, mtihani wa uanachama (MCS) kwanza kisha wa ubingwa (FCS), ukiwa hospitalini na kisu mkononi tangu mwaka wa kwanza. Hata ukisomea ubingwa Marekani kwa visa ya J-1, ile ya wageni wa mafunzo, Wizara yetu ya Afya itatakiwa kuandika kwamba Kenya inauhitaji ubingwa huo, na kwa kawaida utadaiwa urudi miaka miwili. Wewe unaona hilo kama adhabu. Mimi, nisikufiche, nilipolisoma nilifurahi.

Step 2 endelea kuisomea, maana itakufaa uende au usiende. Pesa za ada nimezitoa kwenye chama, nitakutumia Ijumaa kwa M-Pesa. Cheti cha ploti kiko kwenye sanduku la bati la baba yako, na ufunguo ninao mimi. Wakikujibu Boston, usinisomee kwenye simu. Njoo nayo Jumamosi tuisome pamoja, nitapika mukimo.

Mama yako