Jibu: Chupa ya zamani yenye maandishi "Mason's Patent Nov 30th 1858"

Mkuu, umeuliza kama chupa yako yenye maandishi hayo ni ya 1858. Hapana, 1858 si mwaka ilipotengenezwa. Ni tarehe ambayo John L. Mason alipewa hataza yake (haki ya kumiliki uvumbuzi) Marekani, ya chupa yenye hesi shingoni (mikunjo ya kuzungushia kifuniko), na viwanda vingi viliendelea kuichapa tarehe hiyo kwenye chupa hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kagua mdomo kwanza. Pitisha kidole juu ya ukingo: ukikwaruza kama uliosagwa, na mshono wa kalibu (umbo la kumiminia kioo) ukakatikia hapo, ilipulizwa na fundi, na huenda kweli ni ya karne ya 19. Ukingo laini, mshono ukipanda hadi juu kabisa, hiyo ni ya mashine. Kovu la duara lisilonyooka kwenye kitako ni la mashine ya Owens ya kutengenezea chupa, yaani 1903 kuja mbele. Namba ya kitakoni ni ya kalibu tu (wengi huidhani mwaka). Kifuniko cha zinki hakithibitishi kitu, kinahamishika. Rangi ya samawati-kijani hutokana na chuma kwenye mchanga, ni ya kawaida. Zambarau iliyokolea itilie shaka: mara nyingi imepigwa mionzi ili bei ipande.

Weka picha ya mdomo na kitako.